Kumjua Mwuzaji: Historia ya Sheria ya Soko katika Ulaya

Kila anunuaye kitu sokoni hukabiliwa na maswali mawili. La kwanza ni hili: Je, kitu hiki ni kizuri? La pili ni hili: Je, mtu huyu aniuziaye ni nani? Swali la kwanza hujibiwa kwa macho, kwa mikono, kwa pua na kwa ulimi. Mnunuzi hulipindua jembe, huinusa samaki, huionja asali. Swali la pili mara nyingi halitamkwi kabisa, kwa sababu mwuzaji yupo mbele yake, ameketi mahali pake pa kila siku, na majirani zake wamjua. Lakini swali hilo lisilotamkwa ndilo zito zaidi. Jawabu lake huhitajiwa siku ile mambo yanapoharibika. Jembe likivunjika kesho yake, mnunuzi atamrudia nani? Mtu asiyejulikana jina wala makao hawezi kulaumiwa, hawezi kudaiwa, wala hawezi kupelekwa mahakamani.

Katika insha hii twataka kueleza jinsi mataifa ya Ulaya yalivyohangaika na swali hili la pili tangu zama za masoko ya hema na mikokoteni mpaka zama zetu hizi, ambapo soko limo ndani ya intaneti na mwuzaji hana uso. Wahenga walisema, "Ukiona vyaelea, vimeundwa." Sheria ambazo leo humlazimisha mwuzaji wa mtandaoni ajitambulishe hazikushuka kutoka mbinguni. Ziliundwa polepole, ubao juu ya ubao, na kila ubao ulipigiliwa baada ya watu kudhulumiwa.

Tuanze na karne ya 12 na ya 13, katika jimbo la Champagne, kaskazini mashariki ya Ufaransa. Katika miji minne ya jimbo hilo, yaani Troyes, Provins, Lagny na Bar-sur-Aube, palifanyika masoko makubwa sita kila mwaka. Wafanyabiashara wa Flanders walileta vitambaa vya sufu. Wale wa Italia walileta hariri na viungo vilivyopitia bahari ya Mediteranea. Watu hao walikuwa wageni wao kwa wao. Lugha zao zilikuwa mbalimbali, sarafu zao mbalimbali, na wengi waliagana bila kujua kama watakutana tena. Kwa hiyo watawala wa Champagne waliweka walinzi wa soko. Kazi ya walinzi hao haikuwa kufukuza wezi wa mifukoni tu. Walisikiliza mashauri, na mikataba iliyofanywa mbele yao ilitiwa muhuri wa soko.

Mdeni akitoroka, walinzi waliandika barua kwa wakubwa wa mji wake, wakitaka alazimishwe kulipa. Mji ukikataa kutenda haki, wafanyabiashara wake wote waliweza kufungiwa mlango wa masoko ya Champagne. Adhabu hiyo ilikuwa kali, tena ilikuwa na kasoro kubwa, maana ilimtesa asiye na kosa kwa ajili ya mkosaji. Hata hivyo yatuonyesha jambo moja la hakika: karne nyingi zilizopita wachuuzi wa Ulaya walikwisha kufahamu kwamba soko la wageni haliwezi kusimama bila ya mtu kujulikana atokako.

Njia nyingine ilipatikana kwa wafua fedha. Fedha na dhahabu zina hila. Fundi mwovu aweza kuzichanganya na madini hafifu, na jicho la mnunuzi lisigundue chochote. Katika mwaka 1300 sheria ya Uingereza iliamuru kwamba vyombo vya fedha vipimwe na kupigwa chapa ya kichwa cha chui kabla ya kuuzwa. Mwaka 1363 iliongezwa amri nyingine: kila fundi mkuu awe na chapa yake mwenyewe. Tuangalie tofauti ya amri hizo mbili. Chapa ya kwanza ilijibu swali la ubora wa kitu. Chapa ya pili ilijibu swali la mtu. Kikombe kikipatikana na kasoro miaka 10 baadaye, alama ndogo chini yake ilimtaja aliyekifua.

Miji ilipokua na biashara ikawa ya makampuni, chapa ya mkono haikutosha tena. Kampuni haina uso wala mkono. Ni jina tu katika karatasi. Ndipo yakaja madaftari ya biashara. Nchi za Kijerumani zilikubaliana juu ya sheria ya pamoja ya biashara mwaka 1861, na ndani yake mlikuwamo daftari ambalo wafanyabiashara waliandikishwa humo. Ufaransa iliweka daftari lake kwa sheria ya mwaka 1919. Uzuri wa madaftari haya ni kwamba yako wazi. Mtu anayetaka kujua kama kampuni fulani ipo kweli, na wasimamizi wake ni akina nani, aweza kwenda kusoma.

Mwaka 1957 mataifa sita, yaani Ubelgiji, Ufaransa, Italia, Luxembourg, Uholanzi na Ujerumani ya Magharibi, yalitia sahihi mkataba mjini Rome ili yawe na soko moja. Bidhaa zikaanza kuvuka mipaka kwa wepesi, na pamoja nazo matatizo ya wanunuzi. Katika mwaka 1985 ilitolewa sheria juu ya wachuuzi wapitao nyumba kwa nyumba. Mnunuzi alipewa muda usiopungua siku saba wa kubadili nia yake, na mchuuzi alilazimika kumpa maandishi yenye jina na anwani ya mtu ambaye mnunuzi angeweza kumwendea kudai haki hiyo. Mwaka 1997 ilifuata sheria ya biashara ifanywayo kwa mbali, kama kwa barua au kwa simu. Hapo ilisemwa kwamba mwuzaji aseme yeye ni nani kabla ya mapatano, na ikiwa ataka kulipwa mbele, ataje na anwani yake. Basi kanuni ya zamani ilikuwa imehamia katika karatasi: hakuna uso, lakini kuwe na jina na mahali.

Mambo yalikuwa yamefika hapo wakati soko jipya lilipozaliwa Marekani. Mwezi wa Septemba 1995 kijana mmoja mtengenezaji wa programu, jina lake Pierre Omidyar, alifungua huko California mnada wa intaneti ambao baadaye uliitwa eBay. Kitu cha kwanza kilichouzwa humo kilikuwa kurunzi ndogo ya miali ya leza iliyokuwa mbovu. Ilinunuliwa kwa dola 14.83, na mnunuzi alijua kwamba ni mbovu. Hapo hapakuwa na udanganyifu. Lakini Omidyar alitambua mapema kwamba watu wasiojuana hawataaminiana bure. Mwaka 1996 aliweka njia ya wanunuzi na wauzaji kuandikiana sifa na lawama hadharani. Huo ulikuwa ni umbea wa kijiji uliogeuzwa kuwa chombo cha biashara, nao ulifaa sana. Udhaifu wake ni kwamba sifa huweza kununuliwa, na mtu aliyechafuka aweza kulitupa jina lake la bandia na kurudi kesho na jina jingine, safi kama mtoto mchanga. Kampuni ya Amazon, iliyoanza kuuza vitabu mwaka 1995, nayo mwaka 2000 iliwafungulia wauzaji wengine mlango wa kuuza katika jukwaa lake.

Hivyo akatokea mtu wa aina mpya katika historia ya biashara. Huyu ni mwenye soko la mtandaoni. Hanunui wala hauzi, bali huweka meza, huwakutanisha watu, hupokea malipo na kuchukua sehemu yake. Sheria za kale zilimjua mwuzaji na mnunuzi. Huyu wa tatu hazikumjua vizuri.

Umoja wa Ulaya ulitoa agizo juu ya biashara ya mtandaoni tarehe 8 Juni 2000. Agizo hilo lilimtaka mfanyabiashara aonyeshe wazi jina lake, anwani ya mahali alipo, njia ya kumpata upesi, na nambari yake ya daftari ikiwa ameandikishwa. Kwa upande wa mwenye soko, agizo lilimpa kinga. Hakulaumiwa kwa maovu ya wapangaji wake maadamu hakuyajua, na alipoyajua akayaondoa bila kukawia. Tena nchi zilikatazwa kumlazimisha akague kila kitu. Kinga hiyo haikuwa upumbavu. Biashara hii ilikuwa bado changa, na kama mwenye soko angalitakiwa kujibu kwa kila kosa la kila mgeni, ni wachache ambao wangalithubutu kufungua soko. Lakini kinga hiyo ilikuwa na matokeo ambayo hayakutakiwa: mwuzaji aliamriwa kujitaja, wala hapakuwa na mtu aliyeamriwa kuhakikisha kama amesema kweli. Yule mwaminifu alitii. Yule mdanganyifu aliandika jina lolote lililompendeza.

Mahakama ndiyo iliyoanza kuziba ufa. Kampuni ya manukato ya Ufaransa iitwayo L'Oréal ilishitaki eBay, ikilalamika kwamba wauzaji humo walikuwa wakiuza bidhaa za kughushi zenye jina lake, na nyingine ambazo hazikukusudiwa kuuzwa katika Ulaya. Shauri lilifika mbele ya Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya, na hukumu ilitolewa tarehe 12 Julai 2011. Mahakama ilisema kwamba mwenye soko anayeshiriki kwa vitendo, kama vile kusaidia kupamba na kutangaza bidhaa za wauzaji, hawezi kujificha nyuma ya kinga ile. Ilisema pia kwamba mwenye soko aweza kuamriwa achukue hatua za kurahisisha kutambulikana kwa wauzaji wake. Sababu iliyotolewa yafaa kukumbukwa. Siri za mtu binafsi zastahili kulindwa. Lakini mtu anayefanya biashara, wala si jambo la nyumbani kwake, lazima aweze kutambulikana waziwazi.

Hukumu hiyo ilizaa swali jingine: Mfanyabiashara ni nani? Mzazi anayeuza nguo za mtoto aliyekua si mchuuzi. Anayenunua nguo mia ili aziuze kwa faida ni mchuuzi. Baina ya wawili hawa pana watu wengi. Mashauri mawili yatuonyesha ugumu wenyewe. La kwanza lilitoka Ubelgiji. Mwanamke mmoja alinunua gari lililokwisha tumika katika gereji mwaka 2012. Baada ya miezi michache injini iliharibika, naye aliporudi aliambiwa kwamba gari halikuwa mali ya gereji hata kidogo. Gereji ilikuwa imeliuza kwa niaba ya mtu mwingine. Sheria ya Ulaya ilimpa mnunuzi haki kubwa dhidi ya mfanyabiashara, wala haikumpa haki hizo dhidi ya mtu binafsi. Kwa hiyo kila kitu kilitegemea jibu la swali moja tu: mwuzaji alikuwa nani? Mwaka 2016 Mahakama ilihukumu kwamba mfanyabiashara anayeuza kwa niaba ya mwingine, bila kumjulisha mnunuzi kama inavyopasa, aweza kuhesabiwa kuwa ndiye mwuzaji.

Shauri la pili lilitoka Bulgaria. Mtu mmoja alikuwa ameweka mtandaoni matangazo manane ya kuuza vitu, vipya na vilivyotumika. Je, alikuwa mfanyabiashara? Mahakama ilijibu mwaka 2018 kwamba idadi peke yake haitoshi. Yapasa kuangalia kama anauza kwa utaratibu, kama anatafuta faida, kama alinunua vitu hivyo ili aviuze tena, na mambo mengine ya namna hiyo.

Kwa kuwa mnunuzi hawezi kuyapima mambo hayo yote kutoka mbele ya kioo cha simu, Umoja wa Ulaya ulitoa agizo jipya mwezi wa Novemba 2019, likaanza kutumika tarehe 28 Mei 2022. Mwenye soko alitakiwa kumwambia mnunuzi, kabla ya mapatano, kama mwuzaji ni mfanyabiashara au siye. Hiyo ilikuwa hatua njema, lakini ilikuwa fupi, maana mwenye soko aliruhusiwa kutegemea neno la mwuzaji mwenyewe. Mwizi akiulizwa kama yeye ni mwizi, kila mtu ajua jibu lake.

Wakati huohuo watoza kodi nao walikuwa na njaa ya majina. Agizo la mwezi wa Machi 2021 liliwataka wenye masoko, kuanzia tarehe 1 Januari 2023, wakusanye majina, anwani na nambari za kodi za wauzaji na kupeleka habari hizo serikalini. Mtu mdogo aliachwa: anayeuza bidhaa mara zisizofika 30 kwa mwaka, na kwa jumla isiyozidi euro 2,000, hatajwi.

Hatimaye tunafika kwenye sheria iliyo kubwa kupita zote hizi. Tume ya Ulaya ilipendekeza Sheria ya Huduma za Kidijitali tarehe 15 Desemba 2020. Ilijadiliwa karibu miaka miwili, ikatiwa sahihi tarehe 19 Oktoba 2022, ikaanza kutumika kikamilifu tarehe 17 Februari 2024. Kifungu chake cha 30 ndicho kinachotuhusu. Chasema kwamba mfanyabiashara hataruhusiwa kutumia soko la mtandaoni kuwauzia watu wa Umoja wa Ulaya kabla hajampa mwenye soko mambo haya: jina, anwani, simu na barua pepe; nakala ya kitambulisho; habari za akaunti yake ya malipo; jina la daftari la biashara alimoandikishwa pamoja na nambari yake; na ahadi yake mwenyewe kwamba atauza tu vitu vinavyokubaliana na sheria za Umoja.

Hapa ndipo pale ufa wa mwaka 2000 ulipozibwa. Mwenye soko hawezi tena kupokea karatasi na kuzitia kabatini. Yampasa kujitahidi kadiri awezavyo kupima kama habari ni za kuaminika na kamili, kwa kuzilinganisha na madaftari ya serikali yaliyo wazi, au kwa kudai hati zaidi. Yale madaftari ya karne ya 19 na ya 20 yamepata kazi mpya. Habari zikionekana kuwa si sahihi, mfanyabiashara huambiwa azirekebishe. Asipofanya hivyo, meza yake hufungwa. Wale waliokuwamo sokoni kabla ya sheria walipewa miezi 12 ya kujiweka sawa.

Msomaji aweza kuuliza: Je, si hatari kukusanya vitambulisho vya watu wengi hivi mahali pamoja? Swali hili ni la haki, na watunga sheria walilifikiri. Mnunuzi huonyeshwa jina, anwani, simu, barua pepe, nambari ya daftari na ile ahadi. Haonyeshwi nakala ya kitambulisho wala akaunti ya malipo. Mkataba ukiisha, habari huwekwa miezi sita kisha hufutwa. Wenye masoko walio wadogo, walio na wafanyakazi wasiofika 50 na mapato yasiyozidi euro milioni 10 kwa mwaka, wamesamehewa mzigo huu. Walio wakubwa mno, wafikiwao kila mwezi na watu milioni 45 au zaidi katika Umoja, husimamiwa na Tume yenyewe, na wakivunja sheria waweza kutozwa faini ifikayo asilimia 6 ya mapato yao ya mwaka mzima duniani kote.

Je, sheria hii imemaliza udanganyifu? Hapana. Kitambulisho huweza kuibwa. Kampuni ya jina tu huweza kuandikishwa leo na kufa kesho. Na wingi wa bidhaa ni wa kutisha: mwaka 2024 vifurushi karibu bilioni 4.6 vya thamani isiyozidi euro 150 kila kimoja viliingia katika Umoja wa Ulaya, yaani kiasi cha milioni 12 kila siku. Mwezi wa Machi mwaka huohuo Tume ilifungua uchunguzi rasmi juu ya soko la AliExpress, na kutambulikana kwa wauzaji ni jambo mojawapo lililochunguzwa.

Wala jambo hili si la fedha tu. Tarehe 2 Desemba 2025 Mahakama ya Haki ilitoa hukumu katika shauri lililotoka Romania. Mtu asiyejulikana alikuwa ameweka katika soko la matangazo tangazo la uongo lenye kumfedhehesha mwanamke mmoja, pamoja na picha zake na nambari yake ya simu. Wenye soko waliliondoa upesi walipoambiwa, lakini tangazo lilikwisha kunakiliwa kwingine, na maneno yakitoka hayarudi. Mahakama iliamua kwamba tangazo lenye habari nyeti za mtu lapasa kujulikana kabla ya kutolewa, na mwenye soko ahakikishe kama anayelitoa ndiye mtu anayetajwa humo, au kama mtu huyo ameridhia. La sivyo alikatae. Hukumu hii yatufundisha kwamba asiyejulikana aweza kuiba kitu kilicho na thamani kuliko fedha, nacho ni heshima ya mtu.

Sheria hizi ni za Ulaya, lakini mkono wake ni mrefu. Zamhusu kila mfanyabiashara anayewauzia watu wa Umoja kupitia masoko hayo, popote alipo. Fundi wa vikapu wa Kenya atakaye kuuza kazi yake huko ataulizwa maswali yaleyale atakayoulizwa fundi wa Uholanzi.

Wahenga walinena kwamba njia ya mwongo ni fupi. Katika kijiji neno hilo ni kweli, maana mwongo hukutana na aliowadanganya kisimani, njiani na harusini. Intaneti iliirefusha njia hiyo ikavuka bahari na mabara, na historia tuliyoisimulia ni juhudi ya kuifupisha tena. Walinzi wa Champagne, chapa ya fundi wa fedha, daftari la biashara na kifungu cha 30 ni vitu vya zama mbalimbali, lakini vyote vyasema neno moja: anayetaka kupokea fedha ya mwenzake sharti awe tayari kujulikana. Mnunuzi naye asilale kwa kuwa sheria iko macho. Jina limewekwa pale ili lisomwe. Asiyelisoma kabla ya kulipa amejinunulia mbuzi guniani, na sheria iliyo njema kuliko zote haiwezi kumfungulia gunia hilo kwa niaba yake.